Peasi haliliwi siku ya kununua (na mbegu usimpe mbwa)

Naanza na lawama kabisa. Kila msimu wa matunda, mwanzo mwanzo wa mwaka, basi likisimama Mombo au kosta ikiwa inashuka kutoka Lushoto ikafika Soni, vijana wanakuja dirishani na ndoo za mapeasi, abiria ananunua sado moja, anapangusa tunda kwenye shati, anang'ata hapo hapo kabla hata konda hajagonga bodi, afu anakunja sura: mbona magumu hivi, hayana hata sukari. Linalobaki linarushwa nje. Mtu huyo huyo akifika Dar ndo anawatangazia watu kwamba mapeasi ya Lushoto ni chakula cha ng'ombe. Jamani. (Na hata ng'ombe mwenyewe hapewi hivo hivo, nitafika huko.)

Peasi sio tunda la kutoa mtini na kutia mdomoni. Chukulia kama ndizi, mkungu unakatwa mbichi unaivia ndani, hakuna anayenunua ndizi mbichi ya kuiva akaing'ata njiani afu akamlaumu mkulima. Mi nimekulia kule juu, upande wa kuelekea Magamba, nyumba ya wazazi ina mipeasi nyuma ya jiko mpaka leo, na sijawahi kumuona mama anakula peasi siku lilipochumwa, labda likatwe litiwe chumvi na pilipili kama embe bichi, hapo sawa, hiyo ni habari nyingine na ni tamu sana. Lakini lile la kula lenyewe, la kuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, hilo linasubiriwa.

Sababu yake ni kwamba peasi linaiva kuanzia katikati kuja nje. Ukiliacha kwenye mti mpaka uone nje limelainika, basi ndani karibu na moyo limeshageuka kahawia limekuwa bofu, na nyama yake inakwaruza ulimi ka mtu kakutilia mchanga. Zile chembe ngumu ni seli za tunda lenyewe zenye kuta nene, kila peasi linazo, hasa jirani na mbegu, ila kwa lililokomaa likachumwa kwa wakati hutazisikia sana. Kwa hiyo mkulima anayekuuzia peasi gumu hajakuibia, anakuuzia peasi lililochumwa inavyotakiwa, kazi iliyobaki ni yako.

Sasa kazi yenyewe. Ukifika nyumbani usiyaoshe, maji yakibaki kwenye kikonyo ndo mwanzo wa kuoza, osha lile unalokula tu. Yapitie moja moja, yenye kidonda au alama ya kupondeka weka pembeni uyapike au uyatie pilipili siku hiyo, kwa sababu moja likioza linawaharibia wenzake wote. Mazima yapange kwenye boksi, safu moja, gazeti chini na gazeti juu, uweke sehemu yenye ubaridi ndani ya nyumba. Mama anaweka uvunguni. Watu wa Dar na Tanga hapa ndo mnapofeli, mnaliweka juu ya friji au dirishani kwenye jua mkidhani joto litaharakisha, kumbe joto likipita nyuzi 30 hivi peasi halilainiki vizuri, linasinyaa au linaoza bila hata kupita kwenye utamu. Kama nyumba yako ni tanuri mwezi wa 2 (na nyumba ya nani Dar sio tanuri mwezi wa 2?), yaweke kwenye friji chini kule kwenye mboga, uwe unatoa machache machache yanaivia mezani usiku.

Ukiwa na haraka weka kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, funga mdomo, angalia kesho yake na keshokutwa. Ndizi inatoa gesi ya ethilini ambayo ndo inaliambia tunda liive, peasi nalo lenyewe linatoa hiyo hiyo. Mfuko wa plastiki hapana, yanatoka jasho humo ndani.

Kujua kama liko tayari, usiminye tumboni. Minya shingoni, pale karibu na kikonyo, kwa kidole gumba taratibu. Shingo ikibonyea kidogo, kula leo. Tumbo likibonyea umeshachelewa. Rangi isikudanganye, kuna mapeasi yanabaki kijani mpaka mwisho na kuna ya kahawia tangu yako madogo.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui na ndo kinafanya watu waseme ya supamaketi ni matamu kuliko yetu. Aina nyingi za peasi zinahitaji kukaa kwenye baridi kwanza baada ya kuchumwa ndo ziweze kulainika. Yale ya supamaketi mengi yanatoka Afrika Kusini, Western Cape, huko bonde la Ceres na jirani zake, na yanasafiri kwenye baridi njia nzima. Yale madogo yenye shavu jekundu, yanaitwa Forelle, kwa kawaida kule yanakaa kwenye vyumba vya baridi, chini kidogo ya sifuri, wiki 12 ndo yapelekwe sokoni. Wiki 12! Sisi tunataka limenyeke kwenye basi. Kwa hiyo ukipata mapeasi ya Lushoto au Njombe na una nafasi kwenye friji, yasahau humo wiki mbili tatu, afu yatoe nje yapate joto la chumba, uone kama ni lile lile ulilokuwa unalitukana.

Haya, kwenye kulima. Hii naulizwa sana, na nikijibu watu wananuna.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na ukipanda kuelekea Magamba unaongeza tena mia kadhaa. Wajerumani walipofika wakauita mji Wilhelmstal, wakaona baridi inafanana fanana na kwao, wao na wamisionari wakaleta miti ya matunda ya Ulaya, maplamu, mapichi, matufaha, mapeasi. Wao wameondoka, miti imebaki na imezaliana, ndo maana leo ukienda kijiji chochote cha juu unakuta mpeasi wa babu wa mtu, hakuna anayejua jina la aina yake, unaitwa mpeasi basi. Njombe, Makete na Mbeya za milimani nako inakubali, na Kenya wana ukanda wa Limuru na Kinangop. Wa Kibaha na Bagamoyo mnaoniuliza mche uwekwe kwenye ndoo barazani, jibu ni hapana, mti utaota majani mazuri sana na utabaki kuwa pambo.

Mpeasi una tabia ya kulala. Ulaya majani yanapukutika, unahesabu masaa ya baridi, baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, yakitimia ndo unaamka na maua kwa pamoja. Aina kama Williams inataka masaa mia nane na kuendelea. Hata sisi wa juu tunaovaa majaketi mwezi wa 7 hatuyapati masaa hayo, kwa hiyo ukipanda Williams halafu ukakaa kusubiri, utasubiri sana, itachanua tawi moja huku na tawi moja kule, maua na matunda kwa wakati mmoja, mti hauelewi ni msimu gani. Zinazofaa kwetu ni zile za masaa machache, mfano Kieffer, ambayo ni mchanganyiko wa peasi la Ulaya na la Asia, tunda gumu gumu lakini mti ni mvumilivu. Nina wasiwasi kwamba mingi ya mipeasi ya mababu iliyobaki hai imebaki kwa sababu hiyo hiyo, ile iliyotaka baridi nyingi ilikatwa kuni zamani.

Kuna ujanja wa kusaidia. Baada ya kuvuna unanyonyoa majani yote kwa mkono, mti unabaki uchi, unadhani baridi imepita, unatoa maua. Huko Batu, karibu na Malang kisiwani Java, wakulima wa matufaha wanafanya hivo na wanavuna mara mbili kwa mwaka, na wako kwenye ukanda wa joto kama sisi. Mjomba wangu anafanya kwenye mipeasi miwili mitatu, majirani wanamuona kama kachanganyikiwa, anapanda ngazi na kunyonyoa jani moja moja huku redio inaimba. Mti wake ndo unaochanua kwa pamoja lakini, sasa hapo nani kachanganyikiwa.

Usipande mbegu. Yaani panda ukitaka kujifurahisha, lakini mbegu ya peasi haitoi peasi lile ulilokula, inatoa kitu chake, mara nyingi kidogo, kikali, na kinasubiriwa miaka saba nane kumi. Nunua mche wa kubebesha (kijiti cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine), huo unaanza kukupa matunda kwenye mwaka wa tatu mpaka wa tano. Ukienda kuchukua muulize mwenye kitalu vitu viwili: kile kijiti cha juu kimetoka mti gani, na shina la chini ni la nini. Shina la peasi lenyewe linakupa mti mkubwa wa kudumu, shina la kwinsi (mti wa matunda wa ukoo mmoja na peasi) linakupa mti mfupi unaowahi kuzaa. Kwa kudumu namaanisha kudumu kweli. Kule Marekani, Danvers, Massachusetts, kuna mpeasi uliopandwa na gavana John Endecott kati ya mwaka 1630 na 1650 hivi na mpaka leo upo, bado unatoa matunda. Sasa fikiria unapoupanda karibu na msingi wa nyumba ya mtu.

Afu panda miti ya aina mbili tofauti. Mpeasi mmoja peke yake mara nyingi haujichavushi, utachanua ukapendeza ukapiga picha na ukatoa matunda matatu. Na hapa kuna mtego: ukikuta kitaluni mche umeandikwa Williams na mwingine Bartlett usidhani umepata aina mbili, ni mti huo huo. Ulianzia Uingereza, Aldermaston, karne ya 18, ukavuka bahari, ukafika mikononi mwa bwana mmoja wa Massachusetts anaitwa Enoch Bartlett ambaye hakujua jina lake la zamani akautangaza kwa jina lake, mpaka waje kugundua jina limeshazoeleka. Ukipanda hiyo miwili pamoja umepanda mmoja.

Nyuki nao hawaupendi sana, sukari kwenye ua la peasi ni kidogo, kukiwa na ua lingine jirani wanaenda kule. Kwa hiyo mzinga ukiwa karibu inasaidia, na kupiga dawa ya wadudu wakati wa maua ni kujikaba mwenyewe. China, ambayo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya mapeasi yote duniani, kuna wilaya inaitwa Hanyuan mkoani Sichuan ambako watu wanapanda juu ya miti na vijiti vyenye manyoya wanapaka chavua ua moja moja kwa mkono, na dawa zilizopigwa kupita kiasi ni sehemu ya sababu iliyowafikisha hapo. Mi nyuki wangu watatu wavivu wananitosha.

Kupogolea, kwa ufupi: mpeasi unapenda kwenda juu juu, ukiuacha matunda yanakaa kwenye kilele yanaliwa na kima. Matawi machanga yafunge kamba uyavute yalale pembeni, tawi lililolala ndo linazaa. Samadi weka ya kiasi, ukizidisha unapata majani.

Adui mkubwa kwetu ni nzi wa matunda. Kuna yule aliyetokea Asia, alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003 na toka hapo maembe na kila kitu hakijawa sawa, anatoboa ganda anataga mayai, nje unaona kidoa tu, ndani funza wanacheza. Mitego ya kunasa nzi dume inapunguza, kufunika tunda moja moja na mfuko wa karatasi kunasaidia kama una mti mmoja na uvumilivu, lakini kubwa kuliko yote ni kuokota yaliyodondoka kila siku. Kila siku, sio Jumamosi. Funza anatoka kwenye tunda lililodondoka anaingia kwenye udongo anageuka nzi, anarudi mtini kwako.

Wakati wa kuchuma usitikise mti kama mwembe. Shika tunda, linyanyue kwa juu mpaka lilale usawa wa kikonyo chake. Likikomaa linaachia lenyewe kwenye kile kifundo, tik. Likigoma usilivute, muache aendelee kunyonya. Na unaliweka kwenye kikapu kwa mkono, hulirushi, kila linapogonga kitu ndo patakapooza.

Kula nisiongee sana, mnajua kula. Liliwe na ganda lake maana nyuzinyuzi nyingi ziko huko, peasi moja la wastani lina kalori kama 100 na nyuzinyuzi gramu 5 na nusu hivi, kwa wale wenye matatizo ya choo kigumu hii ni dawa isiyo na rangi wala sindano. Lina sukari fulani ya sobitoli ambayo tumbo linashindwa kuinyonya yote, kwa mkubwa sio shida, kwa mtoto mdogo aliyekula manne mfululizo utafua nepi mpaka jioni. Yale magumu kabisa yasiyotaka kuiva, menya, kata nusu, chemsha taratibu na sukari kidogo, hiliki, mdalasini na kipande cha tangawizi mpaka uma uingie bila kusukuma, weka kwenye friji ule ya baridi. Shangazi anaongezea kungumanga na zabibu kavu, tamu balaa, ila hiyo sufuria iweke mbali na mbwa, na hapa ndo naingia kwenye mada iliyonifanya nianze kuandika.

Maana wifi yangu alinipigia usiku kapaniki, mbwa wao Popi kala mapeasi. Mbwa anakufa? Nikamuuliza kala nini, nyama au moyo na mbegu? Kala mangapi? Ya kwenye boksi au ya chini ya mti? Hajui. Watu wengi hawajui kwamba hayo ndo maswali, wao wanasikia tu kwamba "matunda ni sumu kwa mbwa" au kinyume chake "matunda ni asili hayana madhara", na zote mbili sio kweli.

Nyama ya peasi bivu sio sumu kwa mbwa. Ukikata vipande vidogo, umetoa moyo, mbegu na kikonyo, mbwa anaweza kula na wengi wanapenda. Kiasi ndo cha kuangalia: vitu vya kuonja onja visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, kwa mbwa mkubwa wa uani ni vipande kadhaa, kwa kale ka mbwa ka kwenye sofa ni kipande kama ncha ya kidole. Akizidisha ataharisha, sobitoli haichagui mtoto wala mbwa. Mbwa mwenye kisukari au mnene kupitiliza, muache na chakula chake.

Mbegu ndo zenye maneno. Ndani yake kuna kitu kinaitwa amigdalini, mbegu ikitafunwa ikapondeka kinageuka kuwa sayanidi tumboni. Sasa msikimbie barabarani, mbegu mbili tatu zilizomezwa nzima mara nyingi zinapita zinatoka kama zilivyoingia, sumu inakuja akizitafuna nyingi, na mbwa mdogo anahitaji chache kuliko mkubwa. Lakini kwa kuwa huwezi kumwambia mbwa ameze bila kutafuna, toa mbegu zote. Dalili za kuogopa ni kuhema kwa shida, mate mengi, fizi kuwa nyekundu kupita kawaida, mboni za macho kutanuka, kuyumba, degedege. Hapo hakuna cha kumnywesha maziwa wala mkaa wa jikoni, ni daktari wa mifugo muda huo huo, na umwambie alichokula. Kusema ukweli hatari ambayo ni rahisi zaidi kutokea ni moyo wenyewe kumkaba, anaumeza mzima unakwama kooni au kwenye utumbo, hasa hivi vimbwa vidogo. Mbwa anayejaribu kutapika hapati, hali, tumbo limekaza, huyo pia apelekwe.

Popi alikuwa kala ya chini ya mti, na hayo ndo mabaya kuliko ya kwenye boksi. Tunda lililodondoka likakaa juani linachacha, linatengeneza pombe, mbwa akila mengi analewa kweli sio utani, na pombe kwa mbwa sio kichekesho hata kidogo. Lingine limeshaota ukungu wenye sumu zake. Lingine lina nyigu ndani anamng'ata ulimi. Wifi akanitumia video, Popi anatembea kwa pembe, anakaa, anainuka, anamuangalia mtu kama anataka kumkopa hela. Nikawaambia video zifutwe waende kwa daktari, wakaenda, kalazwa na dripu, kesho yake mzima. Sa hivi mti umewekewa uzio wa wavu, jambo ambalo lilitakiwa lifanyike hata kwa sababu ya nzi tu.

Zile sufuria za shangazi: zabibu, mbichi au kavu, zinaharibu figo za mbwa, na kungumanga inamchanganya mbwa kabisa. Mapeasi ya kopo yenye sharubati hapana, sukari nyingi mno. Na chochote kilichoandikwa hakina sukari, soma kopo, kama kuna zailitoli kiweke juu kabatini, hiyo inamshusha mbwa sukari ya damu ghafla na kuua ini, hata kidogo.

Paka hata msihangaike. Paka hasikii utamu, ulimi wake hauna hiyo kitu, na mwili wake ni wa nyama. Akilamba kipande hakina shida, ila ukimkuta anakula peasi ujue ni umbea tu, anataka kujua unakula nini.

Sungura wanapenda sana na ndo shida yenyewe, sukari nyingi inaharibu tumbo lao lililozoea majani. Kipande chembamba mara moja moja kwa wiki, bila mbegu, basi, chakula chao ni nyasi. Simbilisi vile vile, na usidhani umemaliza kumpa vitamini C kwa kumpa peasi, yeye, kama sisi binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini na peasi lina kidogo, mpe mboga za majani na hoho. Kasuku na ndege wa kufuga wanakula nyama yake bila mbegu, hao wa kuwaangalia ni kwenye parachichi, maana parachichi ni sumu kwa ndege, na kwa sungura na mbuzi pia, nimeona watu wanawatupia maganda na majani yake kwa roho safi kabisa.

Sasa yule ng'ombe wa abiria wetu wa Mombo. Peasi gumu zima ukimtupia ng'ombe linaweza kumkaba kooni, anavimba tumbo kwa sababu gesi haitoki, na ng'ombe aliyekabwa hana muda mrefu. Ukimpa, lipasue vipande. Na iwe kidogo, kwa ng'ombe na mbuzi, ndoo nzima ya matunda matamu kwa mkupuo inachachusha tumbo lake la kwanza na anaweza kufa akiwa ameshiba. Kuku ndo wanafaidi, kata mapeasi yaliyopondeka, watupie, na ukiona kuna funza ndani ndo kabisa watakugombania, ila yaliyooza na yenye ukungu hata kuku usiwape. Hayo yanaenda shimoni, na shimo lenyewe lichimbwe lifike angalau nusu mita na kufukiwa udongo wote siku hiyo hiyo, la kina kifupi funza anapanda juu anatoka, na Popi naye anajua kuchimba.